Kuunda mbegu mpya ya mbwa: nani apandishwe na nani, na kwa nini jozi moja haitoshi

"Daktari, nafuga kuku nje kidogo ya mji wa Tanga. Nina jike wa kienyeji wa miaka minne, rangi ya kahawia mwili mzima, mkali usiku, na tangu nimpate hajawahi kuugua. Nilimpandisha na dume wa German Shepherd wa jirani, akazaa saba. Wote wametoka sare: kahawia wenye uso mweusi, na majirani wanawagombania. Nimepata wazo la kuanzisha mbegu yangu mwenyewe ya mbwa wa ulinzi, mwenye umbo la German Shepherd lakini anayestahimili joto la pwani na kupe. Mzee mmoja anayeuza mbwa ameniambia nichague dume bora kati ya hao saba, nimpandishe na dada zake, na baada ya vizazi vitatu damu itakuwa imetulia. Kijana wangu anayesoma anasema nikifanya hivyo nitazalisha vilema watupu. Nani mkweli? Na kama si hivyo, nichague vipi jozi, na nianze na ngapi?"

Ndugu yangu, mzee na kijana wako wameshika kila mmoja nusu ya jambo. Mzee yuko sahihi kwamba kupandisha ndugu kwa ndugu hutuliza sura haraka kuliko njia nyingine yoyote. Kijana yuko sahihi kwamba njia hiyo ina gharama. Mzee anakosea akidhani kinachotulia ni sura peke yake, na kijana anakosea akidhani undugu ndio unaoumba ugonjwa. Nitafika huko. Kwanza tuwaangalie hao saba, maana ndio waliokupa hamu, na nahofia wanakudanganya.

Wewe ni mfugaji wa kuku, kwa hiyo hili unalijua tayari kutoka bandani. Ukitotolesha mayai ya kuku chotara wa kisasa hupati kuku yuleyule. Vifaranga hutoka mchanganyiko, huyu mkubwa, yule mdogo, utagaji unashuka. Kwa mbwa ni hivyohivyo, na sababu ni moja.

Mbwa ana jozi 39 za kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni, yaani maelekezo ya urithi. Katika kila jozi, moja ametoka nayo kwa baba na nyingine kwa mama. Watoto wako wote saba wana nakala moja ya jeni kutoka kwa German Shepherd na moja kutoka kwa kienyeji, kila mahali. Uso mweusi ni sifa inayotawala: nakala moja inatosha ionekane, na German Shepherd kwa kawaida anazo mbili, hivyo hakuna mtoto wake anayeikosa. Rangi ya kahawia ya mama nayo inalitawala lile tandiko jeusi la mgongoni mwa baba. Tandiko hilo halijapotea. Limejificha ndani ya kila mmoja wa hao saba.

Wapandishe sasa wao kwa wao uone. Kwa wastani robo ya watoto watatoka na tandiko jeusi, robo watakosa uso mweusi, na ni 9 tu kati ya 16 watakaofanana na wazazi wao. Na hapo tumetaja sifa mbili za rangi, kila moja ikiendeshwa na jeni moja. Kimo, nyonga, ujasiri, uvumilivu wa joto vinaendeshwa na jeni nyingi kwa pamoja, tena vikitegemea chakula na malezi. Katika mzao wa pili vitatawanyika kila upande. Utapata mwenye umbile zuri la German Shepherd anayejificha chini ya banda radi ikipiga, na mwembamba asiyevutia macho ambaye ndiye asiyerudi nyuma. Hata ile afya ya kung'aa ya chotara wako inatokana kwa sehemu na uchotara wenyewe, na nusu ya nyongeza hiyo huondoka katika mzao wa pili.

Hata mzao wa kwanza si lazima uwe sawa katika kile unachokitaka hasa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Wally Conron wa chama cha mbwa wa kuongoza vipofu nchini Australia alichanganya Labrador na Poodle, kwa sababu kulikuwa na mama mmoja kipofu kule Hawaii ambaye mumewe alikuwa na mzio wa manyoya ya mbwa. Walizaliwa watoto watatu. Walipopimwa manyoya na mate, ni mmoja tu ambaye hakumletea yule mume shida. Watu waliona jina jipya wakakimbilia kununua, kana kwamba jina ndilo lililotibu mzio.

Sasa undugu. Kila mbwa, hata mzima wa afya, amebeba nakala kadhaa za jeni mbovu zilizolala. Hazimdhuru kwa sababu ana nakala nzuri upande wa pili. Ukimpandisha dume na dada yake wa tumbo moja, katika kila eneo la jeni mtoto ana nafasi ya 25% ya kupokea nakala mbili zilizo zilezile, zote kutoka kwa mzee mmoja wa ukoo. Baba na binti yake ni 25% pia. Ndugu wa baba mmoja tu ni 12.5%, na mabinamu 6.25%. Ukifuata ushauri wa mzee kwa vizazi vitatu mfululizo unapanda hivi: 25%, kisha 37.5%, kisha 50%. Yaani nusu ya jeni za kila mbwa wako zimekwama, hazina cha kuchagua tena. Sura itakuwa imetulia kweli. Pamoja nayo kitakuwa kimetulia chochote kile kilichokuwa kimelala kwa yule jike na yule dume, na hukuchagua wewe. Dalili za mwanzo mara nyingi si vilema anavyovihofia kijana. Ni watoto wanne badala ya saba, mmoja anakufa wiki ya kwanza bila sababu inayoonekana, wengine wanapata parvo, ule ugonjwa wa kuhara, na kushindwa kupona. Mfugaji husema ni bahati mbaya.

Kwa hiyo undugu hauumbi ugonjwa, unaufunua. Mbegu zote unazozijua zilipitia undugu wa namna fulani. Mjerumani Max von Stephanitz alipoanzisha chama cha German Shepherd mwaka 1899, alisimamisha karibu kila kitu juu ya dume mmoja, Horand von Grafrath, na damu yake imo katika mbwa wote wa aina hiyo leo. Wao walikuwa na mbwa wengi wa wachungaji wa kuchanganya naye. Wewe una tumbo moja.

Kuna mfano wa Afrika unaoonyesha kwa nini kuikazania sifa ya macho ni hatari. Rhodesian Ridgeback ana mstari wa nywele mgongoni unaoelekea kinyume na nywele nyingine. Mstari huo ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi, na vigezo vya mbegu viliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Ni sifa inayotawala. Kwa kuwa wafugaji walitaka kila mbwa awe nao, walipandisha wenye mstari kwa wenye mstari, na wengi waliwaua watoto waliozaliwa bila mstari. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba mstari unatokana na kipande cha kromosomu kilichojirudia, na kwamba mbwa mwenye nakala mbili yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro ya tundu la ngozi linalozama kuelekea uti wa mgongo. Maana yake, yule mtoto aliyekuwa akiuawa ndiye angekuwa mwenzi salama: ukimpandisha na mwenye nakala moja, nusu ya watoto wanakuwa na mstari na hakuna hata mmoja mwenye nakala mbili. Ukinisikia nikisema usimtupe mbwa kwa rangi ya uso, ninalokumbuka ni hilo.

Wa pili ni Basenji, mbwa asiyebweka wa misitu ya Kongo. Waliopelekwa Ulaya na Marekani katikati ya karne iliyopita walikuwa wachache mno, na wote waliofuata wakatokana nao. Ulipojitokeza ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa damu, kikapatikana kipimo cha kuwatambua wabebaji, yaani mbwa wazima wenye nakala moja mbovu, wafugaji wakawaondoa wabebaji kwa wingi. Ugonjwa huo ukapungua. Lakini kundi likazidi kuwa dogo, na ugonjwa wa figo wa kurithi uitwao Fanconi, ambao hufanya sukari na virutubisho vivuje kwenye mkojo, ukawa tatizo lao kubwa. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walirudi Zaire kutafuta mbwa vijijini, na mwaka 1990 rejista ya Marekani ikafunguliwa iwapokee. Fikiria hapo: waliokuwa na mbwa wenye vyeti ndio waliokuja kuomba damu kwa mbwa wa kijijini asiye na cheti.

Hilo linanileta kwenye neno langu kuu kwako. Unauliza uchague jozi gani, lakini mbegu haikai ndani ya jozi. Inakaa ndani ya kundi zima, na kila jozi unayoipanga inaliongezea kundi kitu au inalipunguzia.

Idadi inayohesabika si ya vichwa. Nusu ya jeni za kila kizazi hupitia kwa madume, hivyo madume wakiwa wachache kundi lote ni dogo hata likijaa uwanja. Hesabu yake ni rahisi: zidisha madume kwa majike, zidisha kwa nne, gawanya kwa jumla yao. Dume mmoja na majike 20 wanakupa pungufu ya nne. Unalisha mbwa 21, lakini kwa upande wa damu ni kama una wanne, na undugu unapanda kwa takriban 13% kila kizazi. Madume 6 na majike 12, ambao ni wachache zaidi kwa vichwa, wanakupa 16, na undugu unapanda kwa 3% hivi. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, katika miongozo yake ya mifugo, inalenga 50, ambapo kupanda ni 1% tu.

Jibu langu la "nianze na ngapi" basi ni hili: kama lengo ni mbegu mpya kweli, nisingeanza na pungufu ya madume 6 na majike 12 wasio na undugu unaojulikana. FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, lenyewe linataka kuona angalau mistari 8 ya damu, kila mmoja ukiwa na madume 2 na majike 6, ndipo liifikirie mbegu mpya. Na usimwachie dume bora azae kila mahali. Kila dume aache mtoto dume mmoja wa kushika nafasi yake, na kila jike aache jike mmoja. Kwa utaratibu huo tu, wale 18 wanapanda kutoka 16 hadi karibu 27 bila kuongeza hata sahani moja ya ugali.

Mtu mmoja hawezi kulisha na kusimamia mbwa 18, najua. Hii ni kazi ya chama. Tafuta wenzako watano: tuseme mmoja Pongwe, mmoja Muheza, mmoja Maramba, mmoja Pangani, mmoja Mkinga, na wewe. Kila nyumba dume mmoja na majike wawili. Watoto wanaobakizwa huhesabiwa nyumba ya mama yao. Dume wa Pongwe hupandisha Muheza, wa Muheza hupandisha Maramba, na kuendelea hadi duara lifunge, na mwelekeo haubadilishwi kizazi hadi kizazi. Ndugu wa tumbo moja hawatakutana kamwe. Utaratibu huu hauondoi undugu, unauchelewesha na kuugawa sawasawa, na mtu yeyote anaweza kuufuata bila kompyuta. Ila mkipata mwenzenu wa Lushoto, msimkabidhi kazi ya kuchagua mbwa wa kustahimili joto. Kule baridi itawaficha kila kitu.

Sasa tukae kwenye uchaguzi wenyewe. Kosa la kawaida ni kutaka mengi. Kama unataka sifa tano zisizotegemeana, na kwa kila moja unakubali nusu bora ya mbwa, wanaopita zote tano ni 1 kati ya 32. Matumbo manne au matano yote yakupe mmoja tu, tena huna uhakika ni dume au jike. Mwanasayansi Dmitry Belyaev alipoanza majaribio yake ya mbweha kule Novosibirsk, Urusi, mwaka 1959, alichagua kitu kimoja tu, upole kwa binadamu, na mabadiliko yakaonekana ndani ya vizazi vichache. Chagua sifa mbili, tatu zikizidi. Kwa kazi yako ningesema tabia kwanza, joto pili, nyonga tatu. Rangi na masikio yaache hadi vizazi vya mbele.

Angalia pia kama unayoyataka hayapigani. Manyoya mazito ya tabaka mbili ni sehemu kubwa ya "umbo la German Shepherd" unalolipenda, na ndiyo hayohayo yanayomchemsha Tanga mwezi wa pili. Ukitaka joto, kubali mbwa mwenye manyoya mafupi, mwepesi kuliko baba. Na mgongo ulioteremka nyuma kama wa mbwa wa maonyesho usiutafute kabisa.

Joto linapimwaje? Saa kumi na moja jioni, si mchana, mkimbize mbwa polepole kwa dakika kumi, kisha msimamishe kivulini na maji. Hesabu pumzi zake kila baada ya dakika mbili hadi mdomo ufunge na kifua kitulie. Andika. Fanya hivyo siku tofauti kwa mbwa wote waliofikisha mwaka mmoja, hali ya hewa ikikaribiana. Utashangaa jinsi ndugu wawili wanavyoachana. Akianza kuyumba au ulimi ukiwa mwekundu wa kukolea, acha mara moja, mmwagie maji ya kawaida na umwite daktari.

Kupe ni jambo gumu zaidi, na hapa lazima niwe mkweli. Jike wako kutougua si ushahidi kwamba ana kinga ya kurithisha. Huenda aliugua utotoni kabla hujampata, akapona, na mpaka leo amebeba vimelea kimyakimya. Huenda tu analala mahali pasipo na kupe. Kama unaweza, ulizia alikotoka: walizaliwa wangapi, na walifika mwaka mmoja wangapi? Jibu hilo lina thamani kuliko kumtazama yeye. Ukitaka kulinganisha, linganisha mbwa wanaolala boma moja. Wakague siku moja, ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia, hesabu, kisha wape dawa wote. Usimwache mbwa bila dawa ya kupe ili "ajichuje mwenyewe". Ufizi mweupe, homa au damu puani ni safari ya kwa daktari siku hiyohiyo.

Tabia usiipime kwa mtoto wa wiki nane. Mtoto wa umri huo hakuonyeshi mengi kuhusu mlinzi atakayekuwa. Subiri mwaka hadi mwaka na nusu. Na tofautisha mkali na mwoga: anayebweka akirudi nyuma, mkia tumboni, kisha anauma mgeni akigeuka, huyo ni mwoga. Woga unarithiwa, na mbwa wa namna hiyo ndiye atakayemng'ata mtoto wa jirani. Asizalishe, hata akiwa mzuri kiasi gani.

Unapompa mbwa mwenzi, tazama nyumbani kwao kabla ya kumtazama yeye. Dume mwenye nyonga nzuri ambaye ndugu zake wawili wanachechemea ni hatari kuliko dume wa wastani ambaye ndugu zake wote wako sawa, kwa sababu ndugu wanakuonyesha kilichojificha ndani yake. Familia mbovu kabisa iondoe. Ndani ya familia nzuri, chagua aliye bora. Usikutanishe wawili wenye kasoro ileile. Na usikutanishe kasoro mbili zinazopingana ukitegemea zitakutana katikati: mwoga kupindukia na mkali kupindukia hawazai mtulivu, wanazaa waoga na wakali. Kasoro hurekebishwa na aliye sawasawa hapo penye kasoro.

Kuhusu wabebaji, yaani mbwa mzima mwenye nakala moja mbovu: ukimpandisha na asiye nayo, hakuna mtoto atakayeugua kwa ugonjwa wa aina hiyo. Nusu ya watoto watakuwa huru. Mbakize aliye huru, na mbebaji atakuwa amekuachia mema yake yote mengine. Ukiwatupa wabebaji wote kwa mkupuo, unarudia ya Basenji. Kwa German Shepherd kuna kipimo cha jeni cha ugonjwa wa uti wa mgongo unaopoozesha miguu ya nyuma uzeeni. Huchukuliwa kwa pamba inayosuguliwa ndani ya shavu, na sampuli hutumwa nje ya nchi. Kina gharama. Kama fedha ni chache, wapime madume tu, halafu eksirei ya nyonga kwa kila mbwa anayefika miaka miwili kabla hajazalishwa.

Je, ni lazima iwe mbegu mpya? Ulichoniambia kwamba unakihitaji ni mlinzi wa kuku anayestahimili pwani. Unaweza kukipata kwa njia fupi: rudia uchotara wa mzao wa kwanza kila unapohitaji mbwa, ukitumia majike wa kienyeji tofauti na madume tofauti waliopimwa. Utapata mbwa wazuri, wanaofanana, na huhitaji rejista. Watoto wao usiwazalishe, basi. Njia ya pili ni kumwacha German Shepherd kabisa na kuchagua ndani ya mbwa wa kienyeji. Afrika Kusini wamefanya hivyo kwa mbwa waitwao Africanis, wakimthamini mbwa wa vijijini jinsi alivyo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliopima mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia, ulikuta utajiri mkubwa wa jeni. Kwa ukweli, kwa joto na magonjwa ya Tanga, mimi ningeegemea huku, nikiongeza damu kidogo ya German Shepherd, kama robo, kwa ajili ya ukubwa. Kuongeza kidogo kunawezekana: mwaka 1973 Robert Schaible wa Marekani alimpandisha Dalmatian mara moja tu na Pointer ili kuondoa kasoro ya mkojo iliyokuwa kwa Dalmatian wote, kisha akarudisha kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi, huku akibakiza wale tu waliobeba nakala nzuri. Damu ya Pointer ilipungua nusu kwa nusu, nakala nzuri ikabaki. Rejista kuu ya Marekani iliwakubali mwaka 2011. Upinzani wa wafugaji ulichukua muda mrefu kuliko kazi ya kuzalisha.

Njia ya tatu ndiyo yako, mbegu mpya. Kizazi cha mbwa kilichochaguliwa kwa uangalifu ni miaka miwili na nusu hadi mitatu, na chini ya vizazi sita usitegemee utulivu. Ni miaka 15 hadi 18. Njiani utazalisha mamia ya watoto, na wengi hawatachaguliwa. Nani atawachukua, nani atalipia kuhasiwa na chanjo ya kichaa cha mbwa? Kama jibu ni kuwaachia barabarani, usianze.

Mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kukusaidia, mwite daktari wa mifugo aje. Kabla ya kupandisha, akague sehemu za siri za wote wawili. Kuna uvimbe unaoambukizwa kwa kujamiiana, kinyama chekundu kinachovuja damu, uliozoeleka kwa mbwa wanaozurura. Unatibika kwa sindano, lakini dume mmoja anaweza kuupeleka nyumba zote sita. Aulizwe pia kuhusu brusela, inayotoa mimba na kumfikia hata binadamu. Jike asizalishwe kabla ya miaka miwili. Mimba ni siku 63 hivi. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, yakipita masaa mawili kati ya mtoto na mtoto na unajua wamo wengine, au ukitoka uchafu wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, usisubiri asubuhi. Na watoto wawili wa tumbo moja wakitokea na kasoro ileile, simamisha wazazi hao wote wawili na upeleke suala kwa wataalamu. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kina hospitali ya wanyama na walimu wa uzalishaji.

Hao saba wako sasa. Usimpandishe dume kwa dada yake. Bakiza jike mmoja au wawili wenye tabia nzuri, na dume mmoja ukiwa na nafasi, ila huyo azae kwa nyumba nyingine, na majike hao wapate chotara asiye ndugu yao au dume wa kienyeji wa kijiji kingine. Kabla majirani hawajawachukua wengine, nunua daftari gumu. Kila mtoto apate ukurasa: tarehe ya kuzaliwa, mama, baba, uzito, alama ya mwilini, jina na simu ya anayemchukua. Kubalianeni kwamba utampigia simu akifika mwaka mmoja na akifika miwili, kuuliza anachechemea, anaogopa nini, ameugua nini. Ukimkuta ameshauzwa kwa mtu wa tatu, fuatilia hadi huko.